Makofi ya siku ya kwanza, rula ya siku zilizofuata

Siku aliyorudi ofisini tulimpigia makofi. Alikuwa mhasibu, meza yake ikitazamana na yangu, na kwa miezi minane kiti chake kilikuwa kimegeuka mahali pa kurundika majalada ya watu wengine. Aliingia na nywele fupi zilizoanza kuota upya, akakumbatiwa na kila mtu, mkuu wa idara akasema maneno mawili matatu ya kumshukuru Mungu, na kufikia saa nne asubuhi kila mmoja alikuwa amerudi kwenye kompyuta yake. Yeye pia. Ila mimi niliyekaa mkabala naye niliona kitu ambacho zamani hakuwa nacho: rula ya plastiki. Aliiweka chini ya mstari wa tarakimu, akasoma, akaisogeza chini kidogo, akasoma, kisha akairudisha juu na kuanza upya. Huyu ni mtu aliyekuwa akijumlisha ukurasa mzima kwa macho huku anapiga soga.

Baada ya wiki moja nikagundua kuna na daftari dogo kwenye droo. Kila alichoambiwa alikiandika humo, hata jina la mteja aliyemhudumia kwa miaka sita. Mtu akipita karibu, droo inafungwa.

Rula ile hunijia kila ninaposikia mtu akisifiwa kuwa ameishinda saratani na sasa yuko kazini kama kawaida. Hiyo "kama kawaida" ndiyo inayonisumbua. Manusura wengi walio kazini wanaishi na msongo wa mawazo, na sisi tumezoea kuuchukulia kuwa mabaki ya ugonjwa, jambo la kichwani mwa mhusika, la kutulizwa kwa maombi, mazoezi na kujipa moyo. Naona tunakosea. Sehemu kubwa ya msongo huo inatengenezwa hapohapo kazini, kwenye ratiba, kwenye zamu, kwenye namna majukumu yanavyogawanywa, na huko ndiko unakoweza kupunguzwa.

Daktari Fitzhugh Mullan wa Marekani aliliona hili mapema, tena kwa mwili wake mwenyewe, kwani aligundulika na saratani akiwa na umri wa miaka 32. Mwaka 1985, katika jarida la New England Journal of Medicine, aliyagawa maisha ya manusura katika majira matatu: ya matibabu, kisha majira marefu yanayofuata matibabu yakikoma, na mwishowe yale ambayo hatari ya ugonjwa kurudi imekuwa ndogo kiasi cha mtu kuitwa amepona. Aliwasuta madaktari wenzake kwa mfano ambao bado unauma. Tumebuni mbinu za hali ya juu za kumwokoa anayezama, alisema, lakini tukishamtoa majini tunamwacha gatini akikohoa na kutweta peke yake, tukiamini tumemaliza yote tuwezayo. Mtu ninayemzungumzia ndiye huyo wa gatini. Siku hizi anakohoa huku anajibu barua pepe.

Na hawa si wachache. Kwa makadirio ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 kulikuwa na wagonjwa wapya wapatao milioni 20 duniani, na watu milioni 53.5 walikuwa hai ndani ya miaka mitano tangu wagundulike. Sehemu isiyo ndogo yao bado wana umri wa kufanya kazi. Je, wanarudi? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba kwa wastani asilimia 63.5 walirudi, ingawa kati ya utafiti mmoja na mwingine kiwango kilitoka asilimia 24 hadi 94. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2009 katika jarida la JAMA, ulikusanya tafiti 36 ukakuta asilimia 33.8 ya manusura hawana kazi, ukilinganisha na asilimia 15.2 ya watu wasiougua.

Tarakimu hizi ni muhimu, lakini zina upofu wake. Zinamhesabu aliyeingia mlangoni, wala hazisemi anaendeleaje baada ya hapo. Kwenye hesabu ya aina hiyo, mwenzangu wa rula ni ushindi mtupu.

Tuanze na uchovu, maana ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Aliyekesha akilala anaamka mzima. Uchovu wa saratani hauna adabu hiyo: mtu analala kwa muda wa saa nane, anaamka nao, anaoga nao, anapanda nao ngazi. Unaweza kudumu miezi, na kwa wengine miaka, baada ya dozi ya mwisho. Wala hauji kwa kiwango kimoja siku nzima. Wengi wana saa chache nzuri, mara nyingi za asubuhi, kisha betri inazima ghafla. Sasa weka mtu huyo kwenye ofisi ambayo mikutano mizito hufanyika saa tisa alasiri kwa sababu bosi asubuhi hupenda kusoma barua zake. Kila siku atatumia saa zake nzuri kwa mambo madogo, na yale mambo makubwa, yanayoamua kama anaonekana hodari au mzembe, atayakuta akiwa hoi. Ratiba hiyo hakuna aliyeipanga kwa nia mbaya, lakini inamtafuna.

Halafu kichwa. Wenyewe huuita ukungu. Neno unalolijua linakwama, sentensi uliyoianza inakuponyoka, ukikatizwa mara moja unasahau ulikuwa unafanya nini. Mara nyingi si tatizo kubwa kwa kipimo cha hospitali, na daktari anaweza kumwambia kwamba yuko sawa. Lakini kazi ina vipimo vyake. Mtu akiwa nyumbani akisahau alichofuata jikoni, atacheka na kurudi sebuleni. Akisahau kuingiza malipo ya mteja, kuna barua ya onyo. Kwa hiyo anajilinda kwa kukagua, na kukagua kunakula muda, na muda ukiliwa anabaki ofisini wenzake wakiondoka, na akibaki anachoka zaidi, na akichoka ukungu unakuwa mzito. Mduara huo nimeuona ukizunguka mbele ya meza yangu, na ninakiri kwamba wakati ule nilidhani dada wa watu amekuwa mwangalifu tu.

Vidole navyo vina yake. Dawa za saratani kama paklitakseli na oksaliplatini zinaweza kuumiza neva za mikono na miguu, zikaacha ganzi au hisia ya kuchomwachomwa na sindano ambayo kwa baadhi ya watu haiondoki matibabu yakiisha. Kwa msomaji anayekaa ofisini hilo linasikika dogo. Mfikirie muuguzi anayetafuta mshipa wa mgonjwa kwa ncha ya kidole, fundi cherehani, karani wa benki anayehesabu noti, fundi umeme juu ya ngazi asiyehisi vizuri nyayo zake zimekanyaga wapi. Mwanamke anayemeza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti inayomezwa kwa miaka mitano hadi kumi, anaweza kushikwa na joto la ghafla katikati ya mkutano, jasho likamtiririka huku anawasilisha bajeti. Walio mezani wanasoma woga pale ambapo ni homoni tu. Aliyetolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo anajua choo kiko hatua ngapi kutoka kila chumba cha jengo.

Karibu vyote hivi haviko usoni. Nywele zimeota, mwili umerudi, na kila mtu anamwambia amependeza. Pongezi hizo ni za kweli na zinafurahisha, lakini zinamfunga mdomo. Aliyekwisha kuambiwa na watu kumi kuwa amenawiri ataanzaje kumwambia wa kumi na moja kwamba hawezi kukaa mkutanoni kwa muda wa saa mbili?

Juu ya mwili kuna kalenda. Kwa saratani nyingi, miaka ya mwanzo mtu huitwa kliniki kila baada ya miezi mitatu hadi sita, baadaye mara moja kwa mwaka. Wenzake wa kazi wanaona siku moja ya ruhusa. Yeye anaona wiki mbili: ya kusubiri kipimo na ya kusubiri majibu. Kikohozi cha kawaida kinapewa maana, maumivu ya mgongo yanapewa maana, na simu ikiwaka mezani kwa namba asiyoijua, tarakimu zote kwenye karatasi zinafutika. Na kliniki haiulizi kama wiki hiyo ndiyo ya kufunga mahesabu ya mwezi.

Hapo linakuja swali la kusema au kunyamaza. Wanaoshauri uwazi huutoa ushauri huo kirahisi, kana kwamba ni suala la ujasiri. Mimi nimeona pande zote mbili zikigharimu. Aliyenyamaza anaishi kama mtu mwenye droo ya kufunga: anahesabu visingizio, anakumbuka alimwambia nani nini, na kila kosa lake linasomwa kama uvivu. Aliyesema naye anaweza kukutana na huruma inayoshusha cheo. Mkuu wa kazi, kwa moyo mweupe kabisa, anampunguzia mzigo bila kumuuliza. Ile safari ya kukutana na wateja inapewa mwingine, "wewe pumzika kwanza". Ule mradi mpya unapita pembeni. Baada ya mwaka, mtu aliyekuwa anategemewa anapewa kazi za kupanga majalada, na kwenye tathmini anaandikiwa kwamba hajaonyesha ubunifu. Nadhani huruma ya namna hii inaumiza kuliko ukali, kwa sababu ukali unaweza kuulalamikia.

Unaona basi mambo mawili yanayoonekana kupingana, kumtwisha kama zamani na kumpunguzia bila kumuuliza, yana mzizi mmoja: yeye mwenyewe hana sauti juu ya kazi yake. Robert Karasek, mtafiti wa mambo ya kazi, alieleza mwaka 1979 kwamba uzito wa kazi peke yake hautoshi kueleza nani ataelemewa. Wanaoumia zaidi ni wale wenye mzigo mkubwa na uwezo mdogo wa kuamua waubebe vipi, lini na kwa mwendo gani. Alikuwa akizungumzia wafanyakazi wote, lakini sijui ni nani nadharia hii inamkaa sawasawa kuliko manusura wa saratani. Huyu ametoka kwenye miezi ambayo kila kitu kiliamuliwa na wengine: tarehe ya upasuaji, siku ya dripu, saa ya mionzi, hata namna ya kulala kwenye mashine. Anatamani kazi irudishe mkono wake kwenye usukani. Anakuta hata saa ya kupumzika inahitaji saini ya watu wawili.

Ndiyo maana pia msongo huu haugawanywi sawa. Mkurugenzi aliyetoka kwenye tibakemikali anaweza kufunga mlango akalala dakika ishirini, na hakuna atakayeuliza. Anayesimama kwenye mashine ya kiwanda hana mlango wa kufunga, wala dereva wa zamu, wala mlinzi wa usiku. Kibarua wa kutwa hana hata wa kumwomba. Asipofika, jina lake linafutwa. Aliyejiajiri hana bosi wa kumkandamiza, lakini wateja wake hawakusubiri alipokuwa wodini, na deni la matibabu linamwamsha alfajiri kabla ya uchovu haujampa ruhusa. Tunapoandika kuhusu manusura kazini huwa tunamchora mtu wa ofisini, na mimi mwenyewe nimeanza na mhasibu. Walio katika hali ngumu zaidi hawapo kwenye picha hiyo.

Sasa nikiri kosa langu. Mwezi wa pili tangu arudi, nilimkuta mwenzangu ameinamia meza, machozi yanamlengalenga kwa sababu mahesabu yalikuwa yamekataa kulingana kwa mara ya nne. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, "Dada, usijipe mawazo, utaurudisha ule ugonjwa." Aliinua uso akanitazama bila kusema neno. Nilichokuwa nimefanya ni kumwongezea kazi ya pili juu ya ile ya kwanza: sasa alitakiwa afunge mahesabu na pia ahakikishe haogopi, maana woga wenyewe utamuua.

Maneno hayo yanasemwa kila siku, na yanasemwa kana kwamba sayansi imeyathibitisha. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa wafanyakazi wapatao 116,000 wa Ulaya, ukitumia kipimo kilekile cha Karasek cha mzigo mkubwa na uamuzi mdogo. Haukukuta uhusiano kati ya msongo wa kazi wa namna hiyo na kupata saratani kwa ujumla, wala saratani ya matiti, ya mapafu, ya tezi dume au ya utumbo mpana. Utafiti huo ulihusu kuugua mara ya kwanza, sio ugonjwa kurudi, kwa hiyo tusiubebeshe zaidi ya ulichobeba. Lakini anayemwambia manusura kwamba mawazo yake yatamrudisha wodini anapaswa ajue hana ushahidi wa kutosha wa kumtisha mtu kiasi hicho. Msongo una madhara yake ya wazi, unavuruga usingizi, unaharibu umakini, unawafukuza watu kazini. Hayo yanatosha kuushughulikia bila kumgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kampuni zinazodhani zimemaliza zikileta mtaalamu wa kufundisha kupumua na kuwaza mema. Sipingi ushauri nasaha. Sonona ni ugonjwa na inatibika, na wahudumu wa saratani wana kipimo rahisi cha kumwuliza mgonjwa ajipe alama ya dhiki kutoka sifuri hadi 10, ambacho kingeweza kutumika kliniki nyingi zaidi kuliko sasa. Ushahidi uliopo kuhusu kuwasaidia manusura kurudi kazini unaelekea upande wa misaada iliyochanganywa: mwili, akili na kazi yenyewe kwa pamoja. Neno langu liko kwenye hicho cha mwisho. Ukimfundisha mtu kupumua kisha ukamrudisha kwenye mkutano uleule wa saa tisa, umemfundisha kuvumilia.

Sheria zinasaidia kadiri yake. Uingereza, chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, mtu mwenye saratani anahesabiwa kuwa na ulemavu tangu siku anapogundulika, na mwajiri anawajibika kurekebisha mazingira ya kazi kwa kiasi cha kuridhisha. Uholanzi, mwajiri anaendelea kumlipa mwajiriwa mgonjwa walau asilimia 70 ya mshahara kwa hadi miaka miwili. Ujerumani kuna utaratibu wa kurudi kwa hatua, saa chache kwanza kisha zinaongezwa kwa ushauri wa daktari. Kwa upande mwingine, Marekani ambako watu wengi hupata bima ya afya kupitia mwajiri, kuna manusura wanaong'ang'ania kazi inayowamaliza kwa sababu wakiiacha wanaacha na bima. Huo ni msongo uliojengwa ndani ya mfumo wenyewe.

Hata sheria nzuri, hata hivyo, inashughulika zaidi na siku za kutokuwepo. Inasema utakuwa nje muda gani na utalipwa nini. Kuhusu siku za kuwepo inaongea kwa ujumla, "marekebisho ya kuridhisha", kisha inawaachia watu wawili chumbani, mmoja akiogopa kuomba na mwingine akiogopa kuuliza. Na yanayohitajika mara nyingi ni madogo kiasi cha kuona aibu kuyaandika kwenye fomu: maelekezo yaje kwa maandishi badala ya kusemwa koridoni, kazi ya umakini iwe asubuhi, kiti kwa anayesimama, wiki ya kliniki isigongane na wiki ya ripoti. Zaidi ya hayo, mazungumzo yarudiwe. Tunafanya kosa la kupanga mambo siku ya kurudi, wakati ambao mtu ana furaha ya kurudi na hajui bado mwili wake utamkatalia wapi. Mwezi wa tatu ndio atakuwa na majibu, na kufikia hapo hakuna anayemuuliza tena.

Mwenzangu aliomba kitu kimoja tu, ahamishiwe mahesabu ya kulinganisha benki kutoka alasiri kwenda asubuhi. Alijibiwa kwa upole kwamba akiruhusiwa yeye, wengine nao watataka. Alikaa miezi kumi na moja, akaandika barua, tukamfanyia kikao cha kumuaga na tukampigia makofi tena.

Siku hizi yuko kwenye ofisi nyingine ndogo. Tulipoonana alinisimulia usaili wake. Mama aliyekuwa akimhoji alisoma pengo la miezi minane kwenye wasifu wake, akauliza lilitokana na nini, akajibiwa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kichwa chako huwa kizuri saa ngapi?" Akamwambia, kuanzia asubuhi hadi saa sita. Basi ndivyo walivyoipanga kazi, tarakimu kabla ya saa sita, simu na majalada baadaye. Nikamuuliza kama rula bado anaitumia. Anaitumia, akasema, na iko juu ya meza.